Jumanne: Kiuno cha Egloni

Soma Waamuzi 3:14–22. Unadhani kwa nini unene wa Egloni umetajwa?

Israeli walimtumikia mfalme huyu miaka 18. Hata leo, wengi husifu kitambi cha mwanaume kuwa dalili ya neema. Lakini mafuta ya hatari zaidi si yale yanayoshikika kwa vidole. Yamejificha ndani, yakizunguka ini na utumbo. Hudhoofisha kazi ya insulini na kupandisha shinikizo la damu, hata kwa mwenye mikono na miguu myembamba. Kiuno cha mwanaume kikizidi sentimita 94 ni onyo. Kikizidi 102, hatari imeongezeka sana. Pima kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, bila kuvuta tumbo ndani (wengi huvuta!).

Katika darasa lenu, mtamsaidiaje ndugu mwenye kitambi pasipo kumwaibisha?