Moto mmoja, sheria mbili

SWALI: Wakili, mwanangu alikamatwa siku ya maandamano, akidaiwa kuchoma duka. Sasa nasikia atashtakiwa kwa ugaidi. Yawezekana kweli? – Mama, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Yawezekana kushtakiwa, kuthibitisha ni kazi nyingine. Kuchoma jengo kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 332, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo shtaka la kawaida nalo si jepesi.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 hutazama zaidi ya moto. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe lengo: kutia umma hofu, kuishurutisha serikali, au kuyumbisha taasisi za nchi. Hasira za vijana barabarani, au tamaa ya kupora, si lengo hilo, na kwa maoni yangu kulitumia neno ugaidi ovyo ni kuwadhulumu hata waliopoteza jamaa zao katika mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Garissa.

Tofauti kubwa utaiona rumande. Chini ya sheria ya ugaidi, mahakama yaweza kuruhusu mshukiwa azuiliwe hadi siku 90 uchunguzi ukiendelea. Hata hivyo, Katiba, Ibara ya 49, inampa haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24 na kupewa dhamana, isipokuwa ziwepo sababu nzito. Mwambie wakili wake aidai dhamana hiyo siku ya kwanza kabisa. Kijana naye asiandike maelezo yoyote kabla ya kuonana na wakili huyo.