Mwenye Nguvu Asiye na Kazi: Je, Anyimwe Chakula?

Katika darsa zetu limeulizwa suala ambalo laonekana kuwa la nchi ya mbali, na kwa hakika liko mlangoni petu. Muulizaji ana jamaa zake Marekani, na huko mtu mwenye afya asiyetimiza sharti la kufanya kazi hukatiwa chakula cha msaada. Je, jambo hili lawafiki dini yetu? Twaona bora tulieleze kwanza, kisha tulipime, kisha tujitazame nafsi zetu.

Serikali ya Marekani ina mpango uitwao SNAP wa kuwasaidia wenye kipato kidogo wapate kununua chakula. Mwaka 2024 ulikuwa ukiwafikia watu zaidi ya milioni 41 kila mwezi. Mwenye umri wa miaka 16 hata 59, asipokuwa na udhuru, hutakiwa ajiandikishe kwa kazi, asikatae kazi ifaayo, wala asiiache aliyo nayo bila ya sababu. Akivunja sharti mara ya kwanza, hukatiwa fungu lake kwa muda usiopungua mwezi 1. Mara ya pili, miezi 3. Mara ya tatu, miezi 6. Na majimbo yana ruhusa ya kuzidisha.

Tena lipo sharti lililo zito zaidi, lililoletwa na sheria ya mwaka 1996. Mtu mzima mwenye afya, asiye na mtoto wa kumlea, hupewa chakula kwa miezi 3 tu katika kila miaka 3, ila akithibitisha kuwa afanya kazi au yumo katika mafunzo kwa saa 80 kila mwezi. Hapo kwanza sharti hilo liliwahusu wenye umri wa miaka 18 hata 49. Sheria ya mwaka 2023 ikaanza kulipandisha hata 54, na sheria ya Julai 2025 ikalifikisha hata 64, ikawaingiza na wazazi ambao watoto wao wametimia miaka 14, na ikawaondolea udhuru watu wasio na makao.

Sasa tupime. Insafu yatulazimu kukiri kwamba asili ya sharti hili si ngeni kwetu. Imepokewa katika Hadithi kwamba watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) wakitaka sadaka. Akawatazama juu hata chini, akawaona wana nguvu, akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini tajiri hana haki humo, wala mwenye nguvu apataye chumo. Basi Uislamu haukuja kumlea mvivu.

Lakini natuizingatie Hadithi hiyo. Mtume (S.A.W.) aliwabainishia hukumu, kisha akawaachia wao na dhamiri zao, hakuwafukuza. Tena hakusema mwenye nguvu peke yake, bali mwenye nguvu apataye chumo. Na hapa ndipo penye fundo. Imam Nawawi, katika kitabu chake Al-Majmuu, aeleza kwamba mwenye uwezo wa kazi asiyepata wa kumwajiri, zaka ni halali kwake, kwa kuwa huyo ni kama asiyeweza. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, fundi maskini hupewa cha kumnunulia vyombo vya ufundi wake.

Sheria ile ya Marekani yamtaka mtu athibitishe saa zake. Wala haikulazimika kumpatia kazi ya kuzitimiza. Matokeo yake yameonekana. Uchunguzi wa jimbo la Virginia, uliotolewa mwaka 2023, ulikuta kwamba sharti lile lilipunguza kwa zaidi ya nusu idadi ya waliokuwa chini yake wakipata chakula, wala haukuona ongezeko la wazi la waliopata kazi. Yaani chakula kiliondoka, na kazi haikuja.

Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa ukame mkubwa, aliisimamisha adhabu ya mwizi kwa sababu watu walikuwa na njaa. Ikiwa njaa yaondoa adhabu, vipi tena njaa yenyewe ifanywe kuwa ndiyo adhabu?

Enyi ndugu zetu, tusikimbilie kuwalaumu wa mbali. Ni mara ngapi kijana huja msikitini katika Ramadhani, akaambiwa mbele za watu, "Wewe una mikono, nenda ukafanye kazi," na msemaji hajamuuliza ameitafuta wapi, wala hana ya kumpa? Huyo amehukumu kama sheria ile, pasina hata kumpa miezi yake mitatu. Na mwengine hugawa sarafu kila Ijumaa kwa wanaojipanga mlangoni pake, mwaka baada ya mwaka, akadhani ametoa zaka. Wala hajauliza ni nani kati yao angeweza kujitegemea lau angepewa wavu, au mkokoteni, au cherehani. Wa kwanza amenyima kwa jina la kazi, na wa pili ametoa akaisahau kazi. Wote wawili hawakumwinua mtu.

Rai yetu ni hii. Wanaosimamia zaka katika mitaa yetu wamuulize kila mwenye nguvu maswali mawili, faraghani na kwa adabu: wajua kazi gani, na wazuiliwa na nini? Akiwa amekosa chombo, anunuliwe chombo. Akiwa amekosa mwajiri, atafutiwe, na katika kungojea alishwe yeye na watu wake. Ama aliyepewa kazi ya halali akaikataa kwa uvivu, huyo na anasihiwe, na fungu lake la zaka apewe anayelistahiki. Lakini watoto wake hawana dhambi, na wasilale na njaa kwa kosa lake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.