Swali Ambalo Pasta Hana Jibu Lake

Andiko: Ayubu 2:11–13, 42:7



Wiki jana kwenye ushirika wa nyumbani, mama mmoja aliniuliza: "Pasta, kule Shakahola kulikuwa na watoto. Wao hawakuchagua kufunga. Mungu alikuwa wapi?"

Warumi 8:28 ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza. Nikamwambia, "Mama, sijui."

Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule, hapa hapa Malindi kwetu. Familia zilisubiri vipimo vya DNA karibu mwaka mzima. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024.

Tumwangalie Ayubu. Marafiki zake waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua midomo kueleza sababu. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyeuliza. Na Ayubu mwenyewe hakuambiwa sababu.

Chuoni nilisomea biashara. Hesabu zikikataa kulingana, mhasibu mwaminifu hapiki tarakimu. Anaandika ile tofauti wazi, anaiacha ionekane, na kesho duka linafunguliwa. Nasi tusimpikie Mungu hesabu.

Tena tukumbuke: waliokwenda Shakahola hawakupotezwa na mhubiri aliyesema "sijui". Walifuata mafundisho yaliyokuwa na jibu la kila kitu: shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, njaa ndiyo njia ya kumwona Yesu.

Basi tuishi vipi na swali hili?

1. Muulize Mungu mwenyewe. Zaburi 13 inaanza kwa swali, na bado ni maombi.

2. Keti na waliofiwa. Matangani usiende na maelezo. Nenda na unga, sukari na muda wako.

3. Usiache swali lenye jibu. Mungu alikuwa wapi, sijui. Sisi majirani tulikuwa wapi, hilo tunalijua. Ukiona watoto wa jirani hawaendi tena shule, piga hodi. Ukinyamaziwa, mwambie chifu.

Yule mama hakuridhika, na simlaumu. Lakini Jumatano alikuja kwenye maombi, nami nikaja, tukaliombea swali lilelile.

La kujadili kikundini: Ni swali gani umelificha ukidhani ni dhambi kumuuliza Mungu?