Je, sumaku inaweza kumponya bibi?

Siku moja, baada ya kipindi, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya darasa. Bibi yake alipata kiharusi na mkono wa kulia umepooza. Sasa kuna mtu mtaani anauza kofia yenye sumaku, eti "inaamsha ubongo kama wanavyofanya Ulaya." Wajomba zake wanataka kuuza mbuzi wawili waipate. "Dada, ni kweli au tunaibiwa?"

Swali zuri! Tena nusu ya jibu imo kwenye daftari lako la fizikia.

Tuanze na kiharusi. Donge la damu likiziba mshipa, au mshipa ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni na seli zake hufa. Si upepo mbaya wala kurogwa. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouongoza mkono wa kulia. Kwa hiyo bibi ameumia ndani ya kichwa, upande wa kushoto. Mkono wenyewe ni mzima, ila hautumwi tena.

Bahati nzuri, seli zilizobaki zinaweza kujifunza kazi ya wenzao. Je, tunaweza kuzisukuma kidogo bila kupasua kichwa?

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzalisha umeme. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, mjini Sheffield, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu na kupitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno. Sumaku ikapanda na kushuka ghafla, umeme mdogo ukazalishwa ndani ya ubongo, na misuli ya mkono ikashtuka yenyewe. Hakuna kisu, hakuna tundu.

Baadaye madaktari wakaijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi. Wazo lao ni hili: nusu mbili za ubongo huzuiana kama ndugu wanaogombea redio. Moja ikiumia, nzima huzidi kuikandamiza. Basi mapigo ya polepole, moja kila sekunde, huelekezwa kwenye upande mzima ili utulie kidogo.

Na ile kofia? Kumbuka jaribio la darasani. Ukiisukuma sumaku ndani ya koili, mshale wa galvanometa unacheza. Ukiiacha imetulia, mshale unarudi sifuri. Sumaku ya kofia imetulia tu pale juu ya kichwa. Haiwezi kuzalisha umeme kama wa mashine ile.

Sasa, mashine ya kweli je, inaponya? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa 199 katika vituo 12. Wote walifanya mazoezi ya mkono kwa wiki sita. Kundi moja lilipata mapigo ya kweli, jingine koili ya kuigiza, bila kujua. Miezi sita baadaye, wagonjwa 67 kati ya kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu ya maana. Kundi la pili? 65. Mimi niliposoma nilicheka. Karibu sawa! Tafiti nyingine ndogo ziliona faida, ndiyo maana wataalamu hawajaacha kutafuta. Lakini tazama: wengi walipata nafuu, na wote walifanya mazoezi.

Tafadhali, usije ukafunga waya na betri ukajaribu kwa bibi! Hata hospitalini mashine hiyo huweza kuleta maumivu ya kichwa na, mara chache, degedege.

Nilimwambia yule binti fedha ziende kwenye nauli ya hospitali, dawa za presha ili kiharusi kisirudi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nyumbani, bibi aokote maharage sahanini kwa mkono wa kulia, moja moja, kila siku, hata kama atachukua saa nzima. Msimwokotee. Na msimvute kwa mkono ule dhaifu mnapomwinua, bega litaumia.

Wajomba waliuza mbuzi mmoja.

Swali la klabu: Muuzaji akisema, "Kofia yangu ina sumaku kubwa zaidi," utamjibu nini?