Mwenza akishikwa ghafla na moyo: sigara iachwe vipi?

Wilaya za Tarime na Serengeti hulimwa tumbaku, hivyo wengi huiona sigara kuwa jambo la kawaida. Lakini mumeo akibanwa kifua ghafla, maumivu yakasambaa hadi mkononi au tayani, na jasho likamtoka, usingoje yatulie. Mkimbize hospitali. Moshi wa sigara huharibu mishipa ya moyo na kufanya damu igande upesi.

Akipata nafuu, hofu pekee haitamwachisha. Mwili huidai nikotini: siku 3 za mwanzo ndizo ngumu, huwa na hasira na hukosa usingizi. Usimgombeze. Fanyeni haya:

1. Pangeni siku ya kuacha. Isikute sigara nyumbani.
2. Hamu ikija, anywe maji au atembee. Hupoa baada ya dakika chache.
3. Asivute mtu ndani, hata mgeni. Moshi wa mwingine nao hudhuru moyo.

Anayefunga Ramadhani hukaa saa 13 hivi bila sigara. Basi aliyeweza mchana, asiiwashe baada ya futari. Akitimiza mwaka 1, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hupungua kwa takriban nusu.