Minyoo ya mbwa yaweza kumdhuru mtoto

Wazazi wa Kisii na Nyamira huniletea mtoto mwenye mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi ya mguu, akijikuna usiku kucha. Nikiwauliza habari za mbwa, hushangaa.

Mstari huo ni njia ya mnyoo mchanga wa safura ya mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, na katika udongo wetu wenye unyevu karibu mwaka mzima huanguliwa upesi. Mbwa mwenye safura hukonda na ufizi wake huwa mweupe.

Wengine huambukizwa minyoo ya aina nyingine wangali tumboni mwa mama yao. Kijibwa mwenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika usidhani ameshiba! Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto, wachanga wake huweza kufika jichoni na kumpofusha.

Kijibwa apewe dawa akiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 hadi wiki 8, pamoja na mama yake. Kipimo hutegemea uzito. Mwone daktari wa mifugo, usimkatie tembe zako. Kinyesi kizolewe kila siku, na watoto wavae viatu.