Pumzi Ikikatika: Aleji Kali na Pumu

Vikundi vyetu vingi vinafuga nyuki, na ni nadra kukosa boma lenye mtu wa pumu. Kwa hivyo somo la leo ni juu ya shida mbili zinazofunga njia ya pumzi. Zote zina dawa, lakini mgonjwa akicheleweshwa zinaweza kummaliza. Hatutaki kuwafanya wanakikundi kuwa madaktari. Tunataka mjue daktari atafanya nini, ili mumfikishe mgonjwa mapema.

1. ALEJI KALI

Aleji (vitabuni huitwa mzio) ni mwili kupigana na kitu ambacho wengine hakiwadhuru. Chaweza kuwa sumu ya nyuki, chakula kama karanga, mayai au samaki, au dawa kama penisilini. Wengi wakiumwa na nyuki huvimba mahali pale pale, basi. Lakini mwingine, kwa dakika chache tu, hupatwa na haya:

- kuwashwa na vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba;
- sauti kukwama, kifua kubana, pumzi kulia kama filimbi;
- kutapika, kizunguzungu, kuzirai.

Pumzi ikikwama au mtu akizirai, msingoje vipele. Wengine hawavitoi kabisa.

Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtu mzima hupewa nusu miligramu. Mtoto hupewa kidogo zaidi. Dawa hii hukaza mishipa ya damu iliyolegea, hupunguza uvimbe wa koo na kufungua mapafu. Asipopata nafuu kwa dakika 5, hudungwa tena. Pia huwekewa oksijeni na dripu.

Je, Piriton? Hiyo hupunguza kuwashwa tu, haifungui koo. Mtu ambaye pumzi inakwama asipewe tembe halafu aambiwe angoje. Na akishapata nafuu asikimbilie nyumbani, kwa maana shida yaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Akae waendelee kumwangalia.

Mkiwa njiani: ondoeni miiba ya nyuki haraka, hata kwa ukucha. Mlazeni chali, miguu iinuliwe. Kama kulala kunamzidishia shida ya kupumua, aketi miguu ikiwa imenyooshwa. Mama mja mzito alale kwa ubavu wa kushoto. Mgonjwa asisimamishwe wala kutembezwa, kwa sababu damu yaweza kukosa kufika moyoni na akafa papo hapo. Ndiyo maana gari ni bora kuliko bodaboda.

2. PUMU

Katika pumu, misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, ndani huvimba na kujaa makamasi. Hali ni ya hatari mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja, akiketi ameinama mbele, mbavu za mtoto zikiingia ndani, au midomo ikigeuka rangi. Tena, filimbi ya kifua ikinyamaza huku mtu amechoka kabisa, msifikiri amepona. Hewa haipiti tena!

Daktari humpa salbutamoli kwa inhela, yaani kile kipulizo cha mkononi: mipulizo 4 hadi 10, na kurudia kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Kama oksijeni imepungua mwilini, humwongezea. Humpa pia prednisoloni mapema, kwa kuwa huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Dawa huingia vizuri zaidi ikipitia kwenye chombo cha kukusanyia mvuke wake. Utafiti wa Cape Town uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuunganishwa na inhela bila kuvuja, iliwasaidia watoto sawa na chombo cha kununua. Mwombeni nesi awaonyeshe.

Wakati wa kumpeleka, mgonjwa aketi wima na aendelee kutumia inhela yake, mpulizo mmoja mmoja. Kama mwenye pumu ameumwa na nyuki na pumzi inakwama, mwambieni nesi mara moja kwamba ameumwa, ili aanze na adrenalini.

3. KAZI YA KIKUNDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya mkutano ujao:

(a) Wawili waende dispensari waulize: Adrenalini ipo? Salbutamoli na oksijeni? Usiku kuna nani? Adrenalini ni moja ya dawa za lazima katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Kama haipo, pelekeni jambo hilo kwa kamati ya afya ya kituo.

(b) Patana na mwenye gari sasa, si siku ya shida. Nambari yake ya simu iwe kwa kila mwanachama, na pesa za mafuta zitengwe.

(c) Andikeni majina ya wenye pumu na wenye aleji. Aliyewahi kudhuriwa na dawa aseme kabla ya kudungwa sindano yoyote.

(d) Mtu asiende kwenye mizinga peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kutoka kwenye mizinga yetu hadi dispensari ni dakika ngapi? Na usiku, au mvua ikinyesha?
2. Dispensari ikiwa imefungwa, tutaenda wapi?
3. Ni nani kati yetu anayeficha pumu yake kwa aibu, nasi tutamsaidiaje?